Mke Wangu Hawezi Kutamka Jina la Mtoto Wetu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, furaha kwa sababu binti yangu yuko hai na mzima na juzi nimemwona kwa macho yangu akikimbiza kuku wa babu yake, na aibu kwa sababu kwa miaka miwili nimemwonea mke wangu bila kujua, na sasa yeye yuko Kanama kwa wazazi wake na mimi niko Gisenyi peke yangu na cherehani, na kinachotutenga ni jina moja tu. Ukipenda kuichapa barua hii, ichape pamoja na majina yetu, kwa maana mji mzima umekwisha kujua.

Naitwa Faradji, ni fundi wa kushona, nina baraza yangu karibu na soko, nashona kanzu za watu wetu na mapazia ya Wazungu wenye nyumba za ufukoni mwa ziwa. Babu yangu alikuja huku kutoka Ujiji na mizigo ya chumvi na nguo, akabaki, na sisi wajukuu wake ni Waislamu wa mjini. Mke wangu Nyiramana ni mtu wa milimani, binti wa mzee Bizimana, mkulima wa maharage na viazi huko Kanama, akasilimu tulipooana, na mwaka wa kwanza tulikaa vizuri, tukila na kucheka, wala sikumbuki ugomvi wowote mpaka alipozaliwa mtoto na ikabidi apewe jina.

Mama yangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja, anaitwa Zafarani. Hapa Gisenyi hajapata kuwako mwingine mwenye jina hilo, na mimi tangu utotoni nililipenda, ni jina tamu, ukilitamka unasikia harufu ya pilau ya sikukuu, na niliapa moyoni kwamba nikipata binti atalirithi. Basi siku ya saba mbuzi akachinjwa, mwalimu Kadiri wa msikiti akasoma dua, nami nikatangaza mbele ya wageni wote kwamba mtoto ni Zafarani, na mama yangu akalia kwa furaha mpaka akaangusha sinia. Lakini baba mkwe, mzee Bizimana, aliyekuwa ameshuka kutoka Kanama na kikapu cha maharage, aliweka kikombe chini akasema, "Mukwe wangu, kwetu kila mutoto anapata jina yake, mupya. Hii jina iko na mwenyewe, na mwenyewe amekaa pale, anakula." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Yeye alikuwa akitaka mtoto aitwe Mukamazimpaka, na mimi nikamjibu kwa mzaha kwamba jina refu namna hiyo, nikilidarizi kwenye kola, litazunguka shingo mara mbili. Mke wangu jioni ile aliniambia maneno machache tu, "Jina lile ni zito kwangu," nami nikamwambia atalizoea.

Hakulizoea, mshauri. Miaka miwili imepita wala sijamsikia akilitamka hata mara moja, alikuwa akimwita mtoto Kadogo, asubuhi Kadogo, mchana Kadogo, na mama yangu akaanza kuangalia, na mwanamke mzee akianza kuangalia jambo haachi. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mkeo ana kinyaa na jina langu. Ataita jirani, ataita kuku, ataita hata mbwa wa Mzungu, ila mimi sipiti kinywani mwake." Na mimi badala ya kuuliza nikashika upande wa mama, na siku moja adhuhuri, barazani kwangu, mbele ya wateja waliokuja kupimwa, nilimwita mke wangu nikamwambia, "Sema Zafarani. Mara moja tu, watu wasikie." Aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, akaingia ndani. Nikasema ni kiburi cha watu wa milimani. Juma zima sikuzungumza naye, na chakula alichonipikia nilikirudisha jikoni kama kilivyokuja.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, na hii nimesimuliwa na mama yangu na pia na Eliezer, mpiga kasia, kwa kuwa mimi nilikuwa barazani nikimalizia suruali ya karani. Ilikuwa siku ya soko la ufukoni, mama na mke wangu walishuka kununua samaki, mtoto anatembea mwenyewe kwa kuwa ana miaka miwili na miezi, na wakati mke wangu anachagua samaki mbele ya Donatille, yule muuzaji mwenye sauti kubwa, aliachia mkono wa mtoto ili ashike kikapu, na alipogeuka mtoto hayupo. Akaita, "Kadogo! Kadogo!" Na wewe unajua, mshauri, kwetu kila mtoto mdogo ni Kadogo, basi ufuko mzima uligeuka, watoto kumi, watoto kumi na watano, wengine wakaanza kumjia, lakini wa kwake hayumo. Akakimbia huku na huku akiita lile lile, na Donatille akamkaripia, "We mama, ita mutoto na jina yake! Hapa bakadogo ni bengi!" Mke wangu akasimama, akafungua kinywa, akakifunga.

Na wakati huo mashua ya akina Eliezer, iliyoleta ndizi kutoka kisiwa cha Ijwi, ilikuwa imekwisha kusukumwa majini irudi, wapiga kasia wamekaa, na nyuma kabisa, kati ya mafungu ya ndizi ambazo hazikuuzwa, palikuwa na kichwa kidogo ambacho hakuna aliyekiona kwa kuwa wote walikuwa wametazama mbele. Mke wangu alikiona. Mashua ilikuwa inaenda, na mtoto alikuwa amesimama akiegemea ukingo, anachungulia maji. Akaita tena "Kadogo!" na mtoto hakugeuka, kwa kuwa makadogo yalikuwa yakilia ufuko mzima. Ndipo akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani, "Zafarani!"

Mtoto akageuka, akaketi, akacheka. Na nyuma ya mke wangu mama yangu naye akaitika, "Abee! Nani ananiita?"

Eliezer akamnyakua mtoto kwa gauni, akasema kwa sauti, "Mama, mutoto wako iko hapa! Anakula ndizi ya watu bila kuuliza!" Wakarudisha mashua. Mke wangu aliingia majini mpaka kiunoni akampokea, na alipotoka, badala ya kushukuru au kulia kama mtu yeyote, alipiga magoti mchangani mbele ya mama yangu, akaziba mdomo kwa nguo yake. Na mama yangu, ambaye bado hakuelewa, akamwambia mbele ya Donatille na watu wote, "Kumbe unalijua! Miaka miwili, kumbe unalijua vizuri hivyo!" Siku ile ile mke wangu alimfunga mtoto mgongoni akapanda kamyo, lori la viazi, akaenda kwao.

Mimi nilimfuata kesho yake, nimejaa hasira, niseme ukweli. Nilimkuta mzee Bizimana akipanga kuni. Alinikalisha, akaniambia, "Faradji, kwetu mwanamuke hataji jina ya mama mukwe, hata ya baba mukwe. Ni heshima. Akiitaja ni kama amemuvua nguo mbele ya watu. Sasa we umechukua hiyo jina, umeifunga kwa mutoto wake, halafu unamuambia ita. Miaka mbili amekaa na kufuli mu kinywa, na ile kufuli ni we uliiweka." Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema, "Nilikuambia jina iko na mwenyewe. Ulicheka." Mshauri, nilitamani ardhi inifiche. Hata hivyo nakiri kwamba ndani ya aibu ile kitu kilifunguka kifuani mwangu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa miaka miwili nikidhani mke wangu anamdharau mama yangu, kumbe alikuwa anamheshimu kuliko mimi.

Niliporudi nikamweleza mama. Aliketi kwenye mkeka, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia. "Ananiheshimu," alisema, "na mimi nimemlisha maneno machungu kila siku." Basi ungedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mama anasema anampa ruhusa mkaza mwana wake alitaje jina hilo hata mara mia kwa siku, lakini mtoto asinyang'anywe, kwa maana kumvua jina ni kumzika yeye akiwa hai. Mzee Bizimana, niliyempelekea habari hizo, anasema ruhusa haitoshi, jina la Zafarani liondolewe, aitwe Mukamazimpaka kama alivyotaka tangu mwanzo, na binti yake hashuki Gisenyi mpaka jambo hili liishe, kwa kuwa siku nyingine mashua itakuwa imekwisha kufika mbali. Mwalimu Kadiri anasema jina zuri lililosomewa dua halibadilishwi. Hata Eliezer ana maoni yake, anasema wapiga kasia wamekwisha kumwita Zafarani wa Ndizi na ni jina la bahati. Nilipokuwa Kanama mke wangu alinisalimu kwa adabu, akaniletea maziwa, akarudi nyuma ya nyumba. Nisaidie, mshauri. Nibadilishe jina la mtoto au nisibadilishe? Nikifanya hivi nampoteza mama, nikifanya vile nampoteza mke.

Wako,
Faradji, fundi wa kushona, Gisenyi.

JIBU

Faradji, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nikitafuta nukta. Mara ya pili niliisoma nimesimama, kutoka pale mtoto alipopotea mpaka pale Eliezer alipomshika gauni, kisha nikaketi. Mungu ashukuriwe. Mengine yote tutayatengeneza.

Nami nakuambia kwa furaha kwamba yanatengenezeka. Barua nyingi zinazofika mezani kwangu zina mtu mbaya ndani yake: mume mlevi, ndugu mwongo, jirani mwenye husuda. Nimemtafuta mtu huyo katika barua yako, sikumwona. Mkeo alinyamaza kwa heshima. Mama yako aliumia kwa sababu hakujua. Baba mkwe alisema, tena mapema. Kosa ni lako, lakini ni kosa la mtu mvivu wa kuuliza, si la mtu mwenye roho mbaya, na uvivu wa namna hiyo unatibika.

Nitakukaripia kwanza, ili tumalize. Uliambiwa mara tatu. Bizimana alikuambia mbele ya wageni kwamba jina lina mwenyewe. Ukafanya mzaha juu ya kola. Mkeo alikuambia jioni ile ile kwamba jina ni zito kwake. Hukumwuliza uzito wake ni wa nini. Mara ya tatu alikuambia kwa machozi, barazani, na wewe ukayaita kiburi. Mteja akija kwako kutaka koti, humpimi mabega? Humwulizi kama linambana? Basi mkeo ulimvika jina bila kumpima, lilipombana ukamwambia alizoee, na alipolia ukamrudishia chakula chake. Jambo hilo la chakula limenichukiza kuliko yote. Usilirudie maisha yako yote.

Sasa nizungumzie majina, kwa kuwa wasomaji wengi wananiandikia juu yake siku hizi. Mmoja anataka jina la bibi wa Kizungu alilolisikia dukani, mwingine amechoka na majina ya watakatifu, mwingine anataka jina ambalo hakuna mtoto mwingine mtaani analo. Wazee wananiandikia kunitaka niwakemee. Siwakemei. Utamu wa jina si dhambi, na Zafarani ni jina zuri. Lakini jina lina kazi moja kabla ya zote, nayo ni kumwita mtu aje. Utamu, maana, kumbukumbu ya mababu, yote hayo yanakuja baadaye. Jina ambalo mama mzazi hawezi kulitamka ni pambo la ukutani. Mtoto wako alikuwa na pambo, na badala ya jina akapewa neno linaloitikiwa na nusu ya watoto wa ufukoni. Umeona yaliyotokea.

Umeniuliza ubadilishe au usibadilishe. Swali lako lina milango miwili tu, na kwa sababu hiyo umejifungia ndani. Mimi nakujibu hivi.

Jina la Zafarani lisiondolewe. Limesomewa dua, mama yako amelilia, na mtoto analijua; siku ile aliitika. Mwalimu Kadiri amesema vyema. Lakini ruhusa ya mama yako, ingawa ni ya ukarimu, isigeuzwe kuwa amri. Heshima aliyolelewa nayo mtu tangu utotoni haifutwi kwa sababu mkubwa mmoja amesema inatosha. Mkeo alilitamka mara moja kwa kuogopa maji. Kumtaka alitamke kila asubuhi akichota unga ni kumrudisha majini kila asubuhi. Wewe, mama yako na mtu mwingine yeyote msimtake tena, hata kwa mzaha, hata kwa upole.

Kwa hiyo mtoto apate jina la pili, la kuitwa na mama yake na la kuitwa na kila mtu. Watu wana majina mawili mlimani na mjini, na mbingu haijaanguka. Hapo Bizimana ana haki. Hana haki anapotaka la kwanza lifutwe, na hana haki zaidi anapotaka la pili liwe lile alilolichagua yeye miaka miwili iliyopita.

Hapa ndipo nakuomba ukae vizuri, Faradji, usome polepole. Katika kurasa zako nne umeniandikia mama yako anataka nini, baba mkwe anataka nini, mwalimu anasema nini. Umeniandikia hata maoni ya mpiga kasia. Nimepekua barua nzima nikitafuta mama wa mtoto anataka mtoto wake aitwe nani. Halimo. Hulijui. Miaka miwili mnagombana juu ya kinywa cha mwanamke huyo, na hakuna hata mmoja wenu aliyekiuliza.

Basi fanya hivi. Jumamosi ijayo funga baraza, karani na Wazungu wangoje nguo zao. Mchukue mama yako, mpande kamyo kwenda Kanama, naye akae mbele karibu na dereva, si juu ya magunia. Mkifika, mama yako ndiye atangulie kusema, kwa kuwa yale maneno ya "kumbe unalijua" yalitoka kinywani mwake mbele ya watu wa soko. Amwambie mkaza mwana wake kwamba sasa ameelewa, na kwamba hataki kusikia jina lake kutoka kwake mpaka siku atakayokufa, maana ameikubali heshima aliyopewa. Najua mama yako ataona fahari kusema hivyo. Mama aliyeweza kujicheka kwenye mkeka ana moyo mpana.

Kisha wewe. Ulimwaibisha mkeo mbele ya wateja, basi usimwombe radhi kwa kunong'ona nyuma ya nyumba. Mwombe mbele ya baba yake na mama yake, umesimama, kwa maneno machache. Nimeona unavyoandika, kwa hiyo nasisitiza: machache.

Halafu mwulize, "Unapenda mtoto aitwe nani?" Na ukishauliza, nyamaza. Akichelewa kujibu, ngoja. Yeye amengoja miaka miwili. Mzee Bizimana akianza kukohoa, mwangalie mpaka aache. Sharti ni moja tu, lisiwe jina la mkubwa yeyote wa nyumba yenu wala ya kwao, ili kosa lisizaliwe mara ya pili. Na tangu saa hiyo jina hilo litumike kila siku na kila mtu nyumbani, mama yako akiwa wa kwanza, mpaka mtoto aligeukie popote, hata kwenye kelele za soko.

Huenda likawa jina la kawaida kabisa. Huenda lisiwe na harufu ya pilau wala ya kitu chochote. Usilisahihishe, usilipambe, usiseme utafikiria. Simama mlangoni, utazame uani kwa kuku, uliite kwa sauti, umwone mtoto anavyokuja.